Jibu la mtaalamu: Kutangaza ushauri wa uwekezaji bila kuanika nyaraka za wateja

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanza ambaye, pamoja na wenzake wawili, anaendesha kampuni ndogo ya ushauri wa uwekezaji yenye leseni. Kwa ufupi anaeleza kwamba walimwongoza mteja kununua hati fungani za serikali na vipande vya mfuko wa pamoja, na malipo yakaja vizuri. Kijana wao wa masoko akapiga picha taarifa ya akaunti ya mteja huyo, akalifuta jina kwa kalamu ya kuchorea ya kwenye simu, kisha akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram ikiwa na maneno "wateja wetu wanavuna". Mwenzake mmoja anasema hilo ni kosa, mwingine anasema bila ushahidi hakuna atakayewaamini. Zaidi ya hayo, ripoti yao ya uchambuzi ya kila mwezi, wanayoiuza kwa ada, imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya watu wasiolipa. Anauliza watangaze vipi, nyaraka wazilinde vipi, na kama wanunue programu ya kigeni ya kufungia hati, inayolipiwa kwa dola kila mwezi.

Ndugu yangu, nianze na la dharura. Picha hiyo iondolewe leo kila mahali ilipowekwa, ifutwe pia kwenye simu ya kijana na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, na mmoja wenu wakurugenzi, siyo kijana, ampigie mteja na kumweleza kilichotokea kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kisha mwandikie barua fupi inayosema picha ilikaa hewani tangu lini hadi lini na ilionyesha nini. Nakala ya barua hiyo iwekwe kwenye jalada lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inamtaka mkusanyaji wa taarifa aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa pale usalama wa taarifa unapovunjwa, kwa hiyo mpelekeeni mwanasheria wenu suala hili wiki hii hii, na msisubiri kuona kama mteja atalalamika.

Mwenzako anayesema ni kosa yuko sahihi. Sheria hiyo, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na taarifa za watoto na alama za kibayometria, na taarifa nyeti hazichakatwi bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Kauli ya "alituambia kwa mdomo hana shida" haitoshi. Wala haitoshi fomu aliyosaini siku ya kwanza, kwa sababu ile aliisaini ili mmhudumie, hakuisaini ili awe tangazo lenu. Kwa jirani zetu Kenya, ambako sheria ya namna hii imekuwepo tangu Novemba 2019, mwezi Septemba 2023 kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi kilitozwa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Huyo alikuwa mtu aliyekwenda kustarehe tu. Taarifa ya akaunti ina uzito mkubwa kuliko sura ya mtu aliyeshika glasi.

Hoja ya kwamba jina lilifichwa nayo ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, taarifa ya uwekezaji humtambulisha mtu kwa mengi mbali na jina: namba ya akaunti ya dhamana (yaani ya hati fungani na vipande vyake), tarehe ya manunuzi, tawi la benki, na zaidi ya yote kiasi chenyewe. Chukulia imeandikwa shilingi 47,300,000 zilizoingia katikati ya mwezi. Katika mji ambao watu wanajua nani ameuza kiwanja na nani amepokea mafao, wapo wasiopungua watatu wanaoweza kutaja jina bila kufikiri sana, na mmoja wao huenda ni shemeji anayemdai. Pili, kalamu za kwenye simu, hasa zile za kukolezea maandishi, huacha rangi inayopitisha mwanga kidogo. Mtu akiongeza ung'avu wa picha, maandishi yaliyo chini yanaibuka.

Kosa hili halina uhusiano na udogo wa ofisi. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati ya PDF yenye mistari iliyofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakainakili sehemu iliyofunikwa, wakaibandika kwenye ukurasa mwingine, na maneno yote yakasomeka, maana weusi ule ulikuwa umelazwa juu ya maandishi bila kuyaondoa. Ukitaka kuonyesha umma hati, usiifunike hati ya kweli. Tengeneza taarifa ya mfano yenye takwimu za kubuni, iandike MFANO kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa, na iwe faili jipya kabisa. Ukichukua la mteja na kubadilisha majina, sifa za faili zitabaki na jina la zamani, na mabadiliko yaliyofuatiliwa kwenye Word yatabaki yamejificha humo. Ofisi nyingi huandaa pendekezo la mteja mpya juu ya pendekezo la mteja wa zamani, na mteja mpya akifungua sehemu ya sifa za hati anakuta kichwa cha habari chenye jina la mshindani wake.

Sasa nije kwa mwenzako wa pili, anayetaka ushahidi, maana hoja yake ni ya kibiashara na inastahili jibu la kibiashara. Taarifa ile inathibitisha nini hasa? Kuponi ya hati fungani, yaani riba anayolipwa mwenye hati, inapangwa na Benki Kuu, na mtu yeyote aliyenunua katika mnada ule ule analipwa kuponi ile ile, awe na mshauri au asiwe naye. Kuitangaza kana kwamba mmeileta ninyi ni kumpotosha msomaji. Tena viwango hubadilika: hati fungani ya miaka 25 ilianza ikiwa na kuponi ya asilimia 15.95 mwaka 2021, na mwaka uliofuata kuponi mpya ilishushwa hadi asilimia 12.56. Bango lenye asilimia 15.95 lililosahaulika kwenye ukurasa wa Instagram liligeuka kuwa ahadi ya uongo bila mtu kuligusa. Ndiyo maana kila tangazo lenye namba liwe na tarehe, na mtu mmoja ofisini awe na wajibu wa kupitia yaliyokwisha kuwekwa na kuondoa yaliyopitwa na wakati. Kazi hiyo haipendwi na mtu, lakini bila jina la mhusika haitafanyika.

Mkitaka kutaja mapato, taja kile kinachobaki mkononi mwa mteja baada ya ada zote, ada zenu zikiwemo, kwa kipindi kilichotajwa wazi, na msichague mwaka uliopendeza mkauacha uliofuata. Mfuko uliokua kwa asilimia 12 kabla ya gharama, ukitoa asilimia 2 za ada za usimamizi na ada yenu ya ushauri ya asilimia 1, unamwachia mteja takriban asilimia 9, na hiyo ndiyo namba ya kuandikwa. Hapa naona faida ya kutazama kanuni ya Marekani kuhusu matangazo ya washauri wa uwekezaji, iliyopitishwa Desemba 2020 na kuanza kudaiwa utekelezaji Novemba 2022. Haiwafungi ninyi, ila ni kipimo kizuri kwa sababu imeandikwa na watu walioona ujanja mwingi. Inadai kwamba mapato kabla ya ada yasionyeshwe peke yake, na inaweka masharti makali kwa matokeo ya kukisia, yaani yale ambayo hakuna mteja halisi aliyeyapata. Kesi ya kwanza chini ya kanuni hiyo ilikuja Agosti 2023: kampuni ya Titan ilitangaza mapato ya mwaka ya hadi asilimia 2,700 kwa mpango wake wa sarafu za kidijitali, na hesabu yenyewe ilitokana na wiki tatu za akaunti ya kukisia, zikazidishwa kana kwamba mwaka mzima ungekwenda hivyo. Ilitozwa faini ya dola 850,000, ukiacha fedha nyingine ilizotakiwa kurudisha.

Shuhuda za wateja huko Marekani zilipigwa marufuku kwa washauri tangu mwaka 1961, na kanuni hii mpya ndiyo iliyozifungulia mlango, kwa sharti kwamba msomaji aambiwe kama msemaji ni mteja na kama amelipwa. Kwenu nashauri shuhuda ziwe chache, ziwe na idhini ya maandishi inayotaja maneno yenyewe na mahali yatakapowekwa, na zizungumzie huduma, kwa mfano kueleweshwa, kujibiwa kwa wakati na kusaidiwa kujaza fomu. Mteja asitaje kiasi alichopata. Na siku akisema imetosha, ushuhuda wake uondolewe bila mabishano.

Kinachowauza kuliko yote ni leseni yenu, nanyi naona mnaificha chini kabisa ya ukurasa. Katika nchi iliyoona DECI mwaka 2009 na mipango mingi ya upatu tangu hapo, mtu mwenye akiba yake hatafuti kwanza aliye hodari, anatafuta asiye tapeli. Jina la kampuni liandikwe kama lilivyo kwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, aina ya leseni itajwe, na msomaji aelekezwe kwenye orodha ya Mamlaka ili ahakikishe mwenyewe. Ongezeni sentensi moja ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko bango zima: kwamba ninyi ni washauri, hampokei fedha za uwekezaji za mteja, na kwamba fedha zinakwenda moja kwa moja kwa meneja wa mfuko, kwa dalali, au kwa Benki Kuu kupitia wakala aliyeidhinishwa. Iwekeni kwenye kila tangazo, kila barua pepe na kila stetasi.

Sentensi hiyo ni tangazo na ni ulinzi kwa wakati mmoja. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa mshauri wa uwekezaji ujumbe huo huja ukiwa umevaa nembo yake. Tapeli hupata orodha ya wateja, huiga picha ya wasifu, kisha huwaandikia kwamba akaunti ya kampuni imebadilika. Orodha yenyewe ataipata wapi? Mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp mlilolifungua ninyi wenyewe kwa ajili ya matangazo, ambamo kila mwanachama anaona namba za wenzake wote. Vunjeni kundi hilo. Tumieni orodha ya kutuma kwa wengi, ambayo humfikia kila mtu peke yake, na katika barua pepe wekeni anwani za wapokeaji kwenye sehemu ya nakala iliyofichwa (Bcc). Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inataka ujumbe wa kibiashara utumwe kwa aliyeridhia, uonyeshe mtumaji ni nani, na umpe mpokeaji njia ya kujitoa. Anayejibu "sitaki" aondolewe siku hiyo hiyo.

Kuhusu ripoti ya kila mwezi, naomba nikukatishe tamaa kidogo. Hakuna kufuli litakaloizuia isisambae, kwa kuwa anayeweza kuisoma anaweza kuipiga picha kwa simu nyingine. Kizuizi cha kuchapisha na kunakili kinachowekwa kwenye PDF ni ombi la adabu, na programu nyingi hazilijali. Kinachofanya kazi ni kumfanya mwenye nakala ajulikane: jina la mteja na namba ya nakala yake zipite kwa rangi hafifu katikati ya kila ukurasa, juu ya maandishi na michoro, mahali ambapo kukata ukingo wa picha hakuziondoi. Nakala ikionekana kwenye kundi, mnajua imetoka kwa nani, mnampigia simu kwa heshima, na mkataba wenu unasema kitakachofuata. Watu hawapendi kusambaza karatasi yenye majina yao. Vilevile, tengenezeni toleo la kurasa mbili la bure, lenye leseni na mawasiliano yenu, na liacheni lizunguke litakavyo, maana kusambaa ndiko kunakowafaa. Ripoti kamili iwe na kile kisichosambazika, yaani nafasi ya mteja kuuliza na kujibiwa kuhusu hali yake mwenyewe.

Nyaraka za mteja ni jambo jingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali. Nywila ya kufungulia PDF, tofauti na kile kizuizi cha kuchapisha, huisimba hati kweli, yaani huigeuza isisomeke bila nywila hiyo, na kwa programu za sasa usimbaji huo ni imara mradi nywila yenyewe ni nzuri. Tatizo ni desturi ya ofisi zetu kutumia tarehe ya kuzaliwa. Tarehe zote za miaka 70 hazifiki 26,000, na kompyuta ya kawaida inazimaliza kwa muda mfupi sana. Isitoshe, namba ya NIDA huanza kwa tarakimu nane ambazo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo yeyote mwenye nakala ya kitambulisho cha mteja ana ufunguo wa taarifa zake zote. Mpe kila mteja nywila ndefu ya maneno manne au matano yasiyohusiana, mkabidhi ana kwa ana au kwa simu siku ya kufungua jalada, na kamwe isitumwe kwa njia ile ile inayopeleka hati. Kiungo cha hifadhi ya mtandaoni kisiwekwe katika hali ya "yeyote mwenye kiungo". Kifunguliwe kwa anwani ya mteja peke yake, kwa muda maalumu.

WhatsApp inasimba ujumbe ukiwa njiani, lakini faili likifika linakaa kwenye simu, na nakala rudufu ya mtandaoni haisimbwi kwa ufunguo wa mwenyewe hadi awashe kipengele hicho. Hatari kubwa kwenu, hata hivyo, ni umiliki wa laini. Kama mazungumzo yote na wateja yako kwenye namba binafsi ya kijana wa masoko, siku atakapohama atahama na wateja, nyaraka na kumbukumbu za ushauri mliotoa, na mteja akidai mlimwambia jambo fulani hamtakuwa na cha kuonyesha. Septemba 2022 mamlaka ya masoko ya dhamana ya Marekani ilizitoza kampuni 16 za Wall Street jumla ya zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa sababu wafanyakazi wao walifanya kazi kwa ujumbe wa simu binafsi usiotunzwa. Laini iwe ya kampuni, imesajiliwa kwa jina la kampuni, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye WhatsApp na kwenye barua pepe.

Kuna mahali pengine panaposahaulika, napo ni steshenari ya mtaani. Printa ya ofisi ikikwama, kijana anakimbia na flashi, au anaingia kwenye WhatsApp yake kupitia kompyuta ya pale, anapakua fomu na nakala ya kitambulisho, anachapisha, analipa, anaondoka. Faili linabaki kwenye folda ya vipakuliwa likiwa na jina la mteja, na pengine akaunti ya WhatsApp imebaki wazi hadi mtu wa tatu anapoketi. Karatasi zilizokosewa zinaishia kwenye rundo la karatasi chakavu, na rundo hilo lina safari yake: kila mmoja wetu amewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye barua ya mtu asiyemjua. Nunueni mashine ya kuchana karatasi kabla ya programu yoyote. Kompyuta na diski za zamani nazo zisiuzwe kwa fundi bila kufutwa ipasavyo. Benki ya uwekezaji ya Marekani, Morgan Stanley, ilitozwa dola milioni 35 mwaka 2022 baada ya kukabidhi diski zake kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta data, na baadhi zikaishia kwenye mnada wa mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja.

Kuhusu programu ya dola, jibu langu ni bado. Fedha hizo kwa sasa ziende kwenye barua pepe yenye jina la kampuni yenu badala ya anwani za bure, kwenye laini ya kampuni, kwenye mashine ya kuchana, na kwenye usajili wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama hamjasajiliwa kuwa wakusanyaji. Usimbaji wa diski nzima ya kompyuta mpakato mara nyingi umo tayari ndani ya Windows ya toleo la kitaalamu na ndani ya Mac, unasubiri kuwashwa tu. Siku mtakapopata mteja wa taasisi, mathalani SACCOS kubwa inayotaka wajumbe wa bodi wasome nyaraka zile zile na ijulikane nani amefungua nini na lini, programu ya namna hiyo itakuwa na kazi ya kufanya. Wakati huo muulizeni muuzaji data inahifadhiwa nchi gani, maana kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi kuna masharti yake katika sheria ile ile, na muulizeni mtazipataje nyaraka zenu mkiacha kulipa. Majibu yote mawili yawe kwenye mkataba, na mwanasheria wenu ayasome kabla ya malipo ya kwanza.